Seli ya ini nje ya mwili

Hotuba kwa walimu wa sayansi, wanafunzi wa uuguzi na wafanyabiashara wa nafaka, Arua, Uganda

Wazee wetu, walimu, wanafunzi wa uuguzi, na nyinyi ndugu wa soko la karanga na mahindi mliofunga vibanda mapema kuja kusikiliza habari za maabara: hamjambo nyote. Nimeombwa nieleze kazi ninayoifanya, nayo ni kuzilea seli za ini nje ya mwili. Nitaieleza kwa Kiswahili, maana ukumbini humu wamo Walugbara, Wakakwa, Waalur na ndugu zetu kutoka Kongo, na hii ndiyo lugha tunayouziana nayo sote.

Jambo la kwanza walimu mnalifundisha kila mwaka. Ini likikatwa, hukua tena. Mwaka 1931 Higgins na Anderson, watafiti wa Marekani, walieleza namna ya kumpasua panya na kuondoa theluthi mbili za ini lake bila kumwua. Siku saba hadi kumi baadaye uzito wa ini ulikuwa umerudi karibu wote. Sehemu iliyokatwa haioti upya. Ile iliyobaki ndiyo inayokua mpaka imeutosha mwili, kisha inaacha. Binadamu naye ni vivyo hivyo: baba akimpa mwanawe kipande cha ini lake, kipande alichopewa mtoto na kile kilichobaki kwa baba hukua vyote viwili katika wiki na miezi inayofuata.

Sasa zichukue seli zilezile uziweke kwenye sahani ya maabara. Zipe sukari, chumvi, vitamini, asidi amino zote na joto la nyuzi 37. Chakula kipo, joto lipo, lakini hazigawanyiki. Wiki haiishi zimeanza kuacha kazi: albumini, protini ya damu inayotengenezwa na ini, inapungua, vimeng'enya vya kuvunja sumu vinapotea, umbo linabadilika. Seli iliyokuwa na uwezo wa kulijenga ini upya inafifia mbele ya macho yako huku imeshiba.

Kwa nini? Jibu fupi ni kwamba chakula peke yake hakiitoshi seli ya ini. Inahitaji kuambiwa saa zote nini cha kufanya, na wanaoiambia ni damu inayopita, majirani zake, na mahali iliposhika. Ukiitoa mwilini umeikata na wote watatu. Kazi ya maabara ni kuirudishia maneno hayo kwa mkono, tone kwa tone, na wale waliojifunza kufanya hivyo ndio waliotufungulia njia ya kuielewa homa ya ini, sumu ya karanga, hata malaria. Ndiyo maana nasema kazi hii inatuhusu sisi wa Uganda kuliko wengi wanaoifanya.

Tulijuaje kwamba ujumbe unapita kwenye damu? Mwaka 1967 Frederick Moolten na Nancy Bucher, kule Boston, waliunganisha mishipa ya damu ya panya wawili kwa mirija, damu ikawa inapita huku na huku. Mmoja alikuwa amekatwa ini. Wa pili ini lake lilikuwa zima, halikuguswa na kisu. Baada ya muda, seli za ini la yule mzima nazo zikaanza kutengeneza DNA mpya, dalili kwamba zinajiandaa kugawanyika. Hakuna kilichompata panya yule isipokuwa damu ya mwenzake. Mimi naona hili ni moja ya majaribio mazuri kuliko yote yaliyofanywa juu ya ini, kwa sababu linauliza swali moja na kulijibu. Ndani ya damu kulikuwa na kitu. Kukipata kitu hicho kukachukua karibu miaka 20 zaidi.

Niwapeleke maabara kwanza, maana bila kuona namna seli zinavyopatikana, yatakayofuata yatakuwa majina tu.

Panya amelazwa kwa dawa ya usingizi. Tunaingiza mrija mwembamba kwenye mshipa mkubwa unaopeleka damu ya utumbo kwenye ini, kisha tunapitisha maji ya chumvi yenye joto yasiyo na kalisi, kwa kuwa kalisi ndiyo inayosaidia seli kushikana. Katika muda mfupi sana ini lililokuwa jekundu la kuiva linapauka lote kwa pamoja, likawa na rangi ya udongo mkavu. Likibakiwa na mabaka mekundu, mrija haukukaa sawa, na seli za sehemu hiyo hazitatoka vizuri. Maji ya pili yana kalisi pamoja na kimeng'enya kiitwacho kolajenesi, ambacho hula nyuzi zilizozifunga seli pamoja. Dakika chache tu ini hulegea, likawa kama uji mzito ndani ya mfuko mwembamba. Tunaupasua ule utando kwa koleo, tunalitikisa polepole, na seli zinamwagika kwenye chombo mpaka maji yanakuwa mazito. Njia hii ya kupitisha kolajenesi ndani ya mishipa ilielezwa na Berry na Friend mwaka 1969, na ingawa imerekebishwa tangu hapo, msingi ni uleule. Ini moja la panya hutoa mamia ya milioni ya seli.

Kuanzia hapo hakuna kuvuta pipeti, ule mrija wa kunyonyea maji, kwa nguvu. Tunazichuja, kisha tunaziweka kwenye mashine ya kuzungusha kwa mwendo mdogo. Seli za ini ni kubwa na nzito, hivyo zinatua chini upesi. Seli ndogo na vipande vya zilizokufa vinabaki juu, tunavimwaga. Tone moja tunalichanganya na rangi ya buluu iitwayo tripani. Seli iliyokufa inaipitisha rangi ndani, iliyo hai inaikataa, na wewe umeinama juu ya hadubini unahesabu moja moja. Zilizo hai zikiwa chini ya 80 katika kila 100, wengi wetu tunasimama hapo, maana kuendelea ni kupoteza dawa za bei kubwa juu ya seli ambazo hazitafika kesho.

Zile nzuri tunazimwaga juu ya sahani ya plastiki iliyopakwa kolajeni, protini ya zile nyuzi zinazozifunga seli, ambayo mara nyingi hutolewa kwenye mikia ya panya. Katika saa chache zimeshika. Kesho yake asubuhi ukizitazama, wanafunzi, ni mandhari ambayo nawatakia kila mmoja wenu aione: seli zenye pembe pembe zimepangana bega kwa bega, nyingi zina viini viwili, na katikati ya seli na seli kuna mistari inayong'aa. Mistari ile ni vijia vya nyongo. Zimefika sahanini jana, na tayari zinatengeneza mifereji ya kupitishia nyongo ambayo haina pa kwenda.

Ukiziacha na maji ya lishe matupu, ndani ya siku tatu nne mistari ile inapotea. Seli zinajitandaza, zinakuwa bapa, na mtu asiyezijua anaweza kudhani ni seli za ngozi. Jini zake zote, yaani maagizo ya urithi wa seli, bado ziko mlemle kwenye kiini. Zilizokuwa zinasomwa ndizo zilizofungwa.

Hapa ndipo homoni zinaingia. Ya kwanza ni insulini, ambayo wauguzi mnaijua kwa ugonjwa wa kisukari. Mwilini, damu ya kongosho hupita kwenye ini kabla ya kwenda kokote, kwa hiyo ini hupata insulini nyingi kuliko viungo vingine. Kwenye sahani, insulini huifanya seli iweke akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, itengeneze protini, na isife upesi. Tunaiweka kwa wingi unaoshangaza, mara elfu na zaidi ya kiasi kilichomo kwenye damu, kwa sababu seli hizi huila na kuimaliza haraka. Ya pili ni deksamethasoni, dawa ya jamii moja na kotisoli, homoni ya mwili. Hii ndiyo inayolinda umbo, inayotunza vijia vya nyongo, na inayochelewesha kule kuacha kazi nilikokusema. Mkinipa ruhusa ya chupa moja tu baada ya insulini, nitachukua deksamethasoni, wala sitafikiri mara mbili. Wengine huongeza glukagoni na homoni ya tezi ya shingo.

Kuhusu seramu ya ndama, yaani maji ya damu yake yasiyo na seli, ambayo imetumika kwenye maabara nyingi duniani, nina maoni yangu. Inasaidia seli kushika siku ya kwanza, na hapo nakubali. Baada ya hapo ina vitu vingi visivyojulikana, hubadilika toka chupa hadi chupa, na huzisukuma seli kujitandaza. Ukitaka kujua homoni fulani inafanya nini, huwezi kuimimina ndani ya mchanganyiko ambao wewe mwenyewe hujui una nini. Iondoe mapema.

Mahali pa kushika nako kuna nguvu yake. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ukiweka tabaka la kolajeni chini ya seli na jingine juu yake, seli ambazo zingefifia kwa siku chache zinaendelea kutoa albumini kwa wiki kadhaa. Dawa ni zilezile, lishe ni ileile, tofauti ni tabaka moja la juu.

Mpaka hapo tumezungumza juu ya kuiweka seli hai na kuifanya ifanye kazi. Kuifanya igawanyike ni habari nyingine, na hii ndiyo kazi ya vichocheo vya ukuaji. Hizi ni protini ndogo zinazogusa mlango wa nje wa seli na kuiamsha. Kimojawapo cha kwanza kujulikana vizuri ni kile kiitwacho EGF, alichokitoa Stanley Cohen kwenye tezi za mate za panya. Yeye na Rita Levi-Montalcini, aliyegundua kichocheo cha neva, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. EGF ukiiweka kwenye seli za ini pamoja na insulini, siku moja na zaidi hupita kimya, kisha seli zinaanza kutengeneza DNA. Ukiiweka peke yake bila insulini, matokeo ni hafifu. Hata noradrenalini, homoni ya mshtuko, huongeza nguvu ya EGF. Walimu, angalieni hilo: hakuna mfalme mmoja. Seli husikiliza kadhaa kwa pamoja, na mmoja akinyamaza, amri ya mwingine inapungua uzito.

Na kile kitu kilichokuwa kwenye damu ya panya wa Boston? Mwaka 1984 Toshikazu Nakamura na wenzake nchini Japani waliripoti protini iliyomo kwenye damu ya panya waliokatwa ini, inayozifanya seli za ini zigawanyike sahanini. George Michalopoulos na wenzake huko Marekani walikuwa wakifuata njia hiyohiyo. Mwaka 1989 jini yake ikasomwa. Leo inaitwa HGF, yaani kichocheo cha ukuaji wa seli za ini. Seli kuu za ini hazijitengenezei HGF. Huletewa na majirani zake, zile seli ndogo zinazokaa pembeni ya mishipa, na akiba yake imefichwa katika nyuzi zinazozizunguka. Ini likikatwa, akiba inafunguliwa. Si HGF peke yake iliyokuwa ikisafiri ndani ya damu ile, lakini ni mojawapo ya sauti kubwa.

Naomba wafanyabiashara wa dawa waliomo humu wanisikilize: protini hii ukiimeza, tumbo linaimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama. Mtu asiwauzie watu wetu chupa ya kukuza ini. Tena mlango ambao HGF hugonga, uitwao MET, ukikaa wazi muda wote huonekana kwenye saratani za aina kadhaa. Mwili huitoa amri ya kukua na pia amri ya kuacha, na mojawapo ya amri za kuacha ni protini iitwayo TGF-beta. Kwenye sahani, mwenye kutoa amri zote mbili ni wewe.

Sasa nimefika kwenye jambo ambalo mimi naliona ni kiini cha kazi hii yote. Seli ya ini haiwezi kukua na kufanya kazi kwa wakati mmoja, angalau si kwa ukamilifu. Ukiizidishia EGF na HGF inagawanyika, lakini inapogawanyika albumini inashuka, vimeng'enya vya kuvunja sumu vinashuka, na umbo linalegea. Ukitaka kazi, lazima uipunguzie vichocheo, uiongezee deksamethasoni, uifunike, uiache itulie. Kuna seli ziitwazo HepaRG, zilizotolewa kwenye uvimbe wa ini la mgonjwa mmoja Ufaransa na kutangazwa mwaka 2002, ambazo zinaonyesha hili vizuri: kwa wiki mbili za mwanzo huachwa zikue, na kwa wiki mbili zinazofuata huongezewa kemikali iitwayo DMSO, hapo hapo kuna homoni ya jamii ya kotisoli, zikageuka seli zinazofanya kazi za ini. Anayekuambia amepata seli milioni nyingi za ini, muulize kwanza: zinafanya nini?

Swali hilo linatuleta kwenye ugonjwa tunaoujua sote hapa mkoani West Nile, homa ya ini ya aina B. Baruch Blumberg aligundua alama yake kwenye damu katika miaka ya 1960 na kupewa Nobel mwaka 1976. Lakini kwa miaka mingi kirusi hiki kiliwasumbua watafiti kwa namna ya ajabu. Ukikiweka juu ya seli za ini zilizotoka mwilini leo, kinaingia. Ukisubiri siku chache, hakiingii. Seli ni zilezile, kirusi ni kilekile. Mwaka 1988 Philippe Gripon na wenzake Ufaransa walionyesha kwamba ukizitunza seli za ini la binadamu kwa DMSO zinaweza kuambukizwa, lakini hakuna aliyejua mlango wenyewe ni upi. Jibu likaja mwaka 2012 kutoka Beijing, kwa Wenhui Li na wenzake. Kirusi huingia kwa kupitia protini iitwayo NTCP, ambayo kazi yake halali ni kuvuta chumvi za nyongo kutoka kwenye damu. Seli ikiacha kuwa ini, inaacha kutengeneza NTCP, na kirusi hakina pa kupita.

Maana yake nini kwetu? Maana yake ni kwamba dawa ya kuponya homa ya ini B haiwezi kutafutwa vizuri kwenye seli iliyoacha kazi yake. Dawa tulizonazo, kama tenofovir, zinakizuia kirusi kuzaana, lakini DNA yake inajikunja duara ndani ya kiini cha seli na kukaa humo, ndiyo maana wagonjwa wetu wengi wanameza vidonge kwa miaka. Kuifikia duara hiyo kunataka seli za ini zilizo kamili, zenye homoni sahihi, kwa wiki nyingi. Tafiti za kitaifa zimeonyesha kwamba kaskazini mwa Uganda mzigo wa ugonjwa huu ni mkubwa kuliko kusini magharibi. Kinga tunayo: tangu 2002 watoto wa Uganda wanaipata ndani ya chanjo ya pamoja, wakiwa na wiki 6, 10 na 14, na tangu 2015 serikali ilianza kuwachanja watu wazima, ikianzia kaskazini. Wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo hatukupata. Dada zetu wauguzi watawaambia mahali pa kupima.

Nije kwa karanga. Kuvu wa jamii ya *Aspergillus* wanaoota kwenye karanga na mahindi yenye unyevu hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Ilijulikana mwaka 1960, bata mzinga wengi walipokufa Uingereza baada ya kulishwa unga wa karanga. Nataka mwelewe jambo moja juu ya sumu hii, kwa kuwa linahusu seli tunazozilea. Aflatoksini ikiingia tumboni bado haijawa na makali yake. Ni ini lenyewe, kwa vimeng'enya vilevile vinavyotusaidia kuvunja dawa, ndilo linaloigeuza kuwa kemikali kali inayojibandika kwenye DNA. Mwaka 1991 tafiti mbili, moja ikiwa na wagonjwa wa China na nyingine wa kusini mwa Afrika, zilionyesha kwamba saratani za ini katika sehemu zenye aflatoksini nyingi mara kwa mara zina kovu mahali palepale, herufi moja tu iliyobadilika kwenye nafasi ya 249 ya jini ya TP53, ambayo ni mlinzi wa seli dhidi ya saratani.

Kwa hiyo ukipima sumu ya karanga juu ya seli za ini zilizosahau kazi, utaambiwa karanga ni salama. Seli haina vimeng'enya, haiigeuzi, haidhuriki. Ni uongo wenye takwimu nzuri. Seli nyingi za saratani ya ini zinazotumika maabara kwa urahisi wake, kama zile za HepG2, zina vimeng'enya hivi kwa uchache sana. Ndivyo ilivyo pia kwa mitishamba na hata kwa parasetamoli, ambayo mtu akizidisha kipimo, ini lake lenyewe ndilo linaloitengeneza ile sumu inayoliua. Mzee anayetibu kwa mizizi akiniletea dawa yake ipimwe, nina deni la heshima kwake, la kuipima juu ya seli zinazofanya kazi. Nikiipima juu ya seli bapa za siku ya tano bila homoni, nitakuwa nimemdanganya yeye na wagonjwa wake.

Mtu mwenye homa ya ini B anayekula aflatoksini kila siku yuko katika hatari ya saratani ya ini kubwa kuliko jumla ya hatari hizo mbili, zinazidishana. Mkumbuke Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hii, na malori yakakwama mpakani, Busia na Malaba. Siku zile mazungumzo yote yalikuwa ya bei. Mimi nilitamani mtu azungumzie maini ya watoto wanaokula uji wa mahindi yale yaliyobaki nyumbani.

Malaria nitaigusa tu. Mbu akikuuma, vijidudu havianzi kwenye damu. Vinakwenda kwenye ini, kila kimoja kinaingia ndani ya seli moja, na kwa siku sita saba, wewe huna hata kichwa kuuma, kinajizidisha kuwa maelfu kwa maelfu. Chanjo ya R21, ambayo Uganda ilianza kuitoa mwaka 2025, inafundisha mwili kuvizuia kabla havijaingia humo. Kuviona vikiwa ndani kunahitaji seli za ini hai zenye afya kwa zaidi ya wiki moja, na mnajua sasa jambo hilo linagharimu nini.

Je, sisi tunaweza? Nitawajibu kwa historia. Desemba 1963 kipande cha uvimbe wa mtoto kutoka Uganda kilipandishwa ndege kwenda London, kwa sababu daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, alikuwa ameeleza saratani ya watoto ambayo Ulaya haikuijua. London kulikuwa na ukungu, ndege ikatua Manchester, sampuli ikachelewa. Ilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka, na ilikuwa rahisi kudhani ni bakteria na kuyamwaga. Anthony Epstein akaweka tone chini ya hadubini: zilikuwa seli zilizo hai, zinaelea. Wakazilea. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake, kinachojulikana leo kwa jina la Epstein na Barr, kirusi cha kwanza cha binadamu kuhusishwa na saratani. Seli za ini zilifuata njia kama hiyo: katika miaka ya 1970 uvimbe wa kijana wa Msumbiji ulilelewa Johannesburg, ukawa seli zinazotoa alama ya homa ya ini B mpaka leo katika maabara za dunia nzima.

Seli zimetoka kwetu. Ufundi haukurudi kwa kasi ileile, na hili linanikereketa. Sisemi kwa uchungu juu ya waliozilea, walifanya kazi ya maana. Nasema kwamba tuna Makerere tangu 1922, tuna taasisi ya virusi Entebbe tangu 1936, tuna Taasisi ya Saratani Mulago tangu 1967, na kijana wa Arua anayesoma bayolojia hana sababu ya kudhani kazi hii ni ya watu wengine. Vikwazo ni vya kweli. Vichocheo vya ukuaji huuzwa kwa mikrogramu na vinataka baridi kali safari nzima. Umeme ukikatika usiku, inkubeta, lile kabati la joto la kulelea seli, inapoa na kazi ya wiki inakwisha. Lakini hayo ni mambo ya betri, ya friji na ya bajeti, ambayo mtu mzima anaweza kuyapangia. Na kabla ya chochote, ridhaa ya mgonjwa: kipande cha ini kilichobaki baada ya upasuaji ni cha mtu, na anastahili kuambiwa kwa lugha yake kinakwenda wapi.

Baada ya hotuba yaliulizwa maswali, na matatu nayaandika hapa.

Mfanyabiashara mmoja aliuliza kama kukaanga karanga kunaondoa sumu. Kunapunguza, hakumalizi, aflatoksini huvumilia moto. Kazi iko shambani na ghalani: anika juu ya turubai, si juu ya udongo, chagua punje zilizokunjana na zenye rangi mbaya uzitupe, usizisage, na mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5 kabla ya kuyafunga kwenye magunia. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo.

Mwanafunzi wa uuguzi akauliza kwa nini tusiwape wagonjwa seli hizi. Swali zuri. Limejaribiwa, hasa kwa watoto waliozaliwa wakikosa kimeng'enya kimoja cha ini. Wengine walipata nafuu, lakini mara nyingi nafuu hufifia baada ya muda, na seli hutegemea maini yaliyotolewa na watu wengine, ambayo ni machache. Tangu 2013 watafiti wamejifunza kukuza vijipande vidogo vya ini kutoka seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka za aina nyingine, kwa kutumia HGF, EGF na vichocheo vingine, navyo hugawanyika kwa miezi. Lakini lile tatizo nililolieleza bado limesimama: vinavyokua sana bado havifanyi kazi zote za ini la mtu mzima.

Mwalimu mmoja wa sekondari akauliza, shule isiyo na inkubeta ianzie wapi? Ianzie na ini la kuku wa leo na hidrojeni peroksaidi ya duka la dawa. Kata vipande vitatu vinavyolingana. Kimoja kibichi, kimoja kilichochemshwa, kimoja kilichokaa siku mbili bila barafu. Mimina kiasi kilekile kwenye kila kimoja, pima urefu wa povu kwa rula kila baada ya nusu dakika. Povu ni oksijeni, na anayeitoa ni kimeng'enya kiitwacho katalesi ambacho seli za ini zimejaa. Kilichochemshwa hakitatoa kitu. Hicho cha siku mbili sitawaambia kitafanya nini. Wanafunzi waandike wanachotarajia kwanza, ndipo wapime.